Mkia wa Uzi

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili nilikuwa jicho la wifi yangu, na siku aliponihitaji kuliko siku zote nilimwangusha. Nalisema hili mapema ili msije mkaanza kunionea huruma katikati ya habari.

Wifi ni dada wa mume wangu, amemzidi miaka tisa. Kwenye karakana yetu ya ushonaji hakuna anayemwita kwa jina. Ni Rula, tangu enzi za wasimamizi wawili waliopita. Wanasema ukiweka rula kwenye mshono wake, rula ndiyo inayoonekana imepinda. Ni utani wa karakana, lakini mimi niliwahi kujaribu, kwa husuda tu, nikairudisha rula mahali pake bila kumwambia mtu.

Watu wasioshona hudhani mshono wa moja kwa moja ni kazi rahisi. Ndio wa kwanza kufundishwa, kweli, lakini ndio wa mwisho kuuweza. Kola ina mbwembwe, mfuko una mikunjo ya kufichia makosa. Mstari ulionyooka hauna pa kujificha, na fundi aliyeushona naye hana.

Nilipoolewa nilikuwa sijui hata kukanyaga. Nikiweka miguu kwenye kanyagio, gurudumu linazunguka kinyumenyume, uzi unakatika, watoto wa jirani wanacheka dirishani. Wifi alichana karatasi ya daftari lenye mistari, akautoa uzi wote kwenye cherehani, akaniambia, "Fuata mstari. Uzi bado hujaustahili." Wiki tatu nilitoboa karatasi kwa sindano tupu. Sisi mafundi tunaita kushona hewa, na ni aibu ya mwanafunzi. Nikiinamia sindano kuitazama, ananigonga paji la uso kwa kastabini, ile kofia ya chuma ya kidoleni.

"Sindano haitazamwi, wifi. Yenyewe inajua kazi yake, kushuka na kupanda. Wewe tazama ukingo wa kitambaa. Anayetazama sindano hushona nyoka."

Siku aliyonipa uzi alinipa na sheria ya pili, na hii naomba muishike vizuri kwa sababu ndiyo iliyotuumbua. Ukishatunga uzi kwenye sindano, acha mkia wa kidole kizima. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka ule mkono mdogo wa chuma unaovuta uzi ufike juu. Shika nyuzi mbili, wa juu na wa chini, nyuma ya mguu wa cherehani, kile chuma kinachobana kitambaa, ndipo ukanyage. Ukiacha mkia mfupi, mkono wa chuma ukipanda mara ya kwanza tu unauchomoa uzi kwenye tundu la sindano. "Na wewe," aliniambia, "kwa kuwa nimekukataza kutazama sindano, utaendelea kukanyaga huku unajiona fundi."

Aliolewa zamani, kabla sijaijua familia hii. Alikaa kwa mume miaka minane, mtoto hakupatikana, mume akaoa mwingine. Akarudi kwa mdogo wake na sanduku moja na cherehani juu ya mkokoteni. Chumba chake ni kile cha kwanza ukiingia, chenye pazia la mistari alilolishona mwenyewe. Watoto wangu watatu wamelelewa zaidi kwenye mapaja yake kuliko yangu, na wakiumwa humlilia shangazi kwanza. Zamani jambo hilo liliniudhi. Siku hizi nashukuru, nalala.

Habari ya macho niliigundua asubuhi moja kazini. Alikuwa amelamba ncha ya uzi, akaipeleka kwenye sindano, akaipitisha pembeni kabisa, kisha akaenda upande wa pili kuuvuta kana kwamba umeingia. Akavuta hewa. Akarudia. Mara ya tatu nikainuka, nikajifanya naokota kifungo chini ya meza yake, nikamtungia. Hakusema asante na mimi sikusema kitu. Nyumbani nilimshika kidevu mlangoni penye mwanga. Katikati ya weusi wa jicho la kulia palikuwa na utando mweupe, kama ule wa maziwa yaliyopoa. La kushoto lilikuwa linaanza.

"Mtoto wa jicho," nikasema. "Wanautoa siku hizi, unarudi nyumbani siku hiyohiyo."

"Mama naye aliambiwa hivyohivyo."

Mama yake, yaani mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliingia hospitali akiona ukungu, akatoka akiona giza. Alishikwa mkono mpaka kufa. Wifi ndiye aliyekuwa akimshika.

Tulibishana miezi. Siku moja jikoni, yeye anachambua mchele kwa vidole, uvumilivu ukaniishia. Ulimi hauna mfupa. Nikamwambia, "Wifi, mficha uchi hazai."

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Kumwambia mwanamke yule methali ile. Mikono yake ilisimama juu ya ungo, nami nikatamani sakafu inimeze.

"Kumbe ndiyo sababu," akasema, na akaendelea kuchambua. "Lakini umechelewa, wifi. Nimeshazaa. Huyu hapa, mtoto wa jicho. Halii usiku, hadai ada, na kokote niendako nipo naye."

Tulicheka wote wawili. Kisha nikaenda bafuni nikafungulia maji ili asinisikie.

Basi tukawa na utaratibu wetu. Asubuhi tunafika wa kwanza, namtungia. Roli ya uzi ikikaribia kuisha anaifunga na mpya kwa fundo dogo, anavuta taratibu mpaka fundo linapita. Hilo aliliweza kwa vidole. Lakini uzi ukikatika anasema, "Wifi, naazima mkasi wako," nami naenda na mkasi, nainama kidogo, natunga, narudi. Mkasi wake alikuwa nao, mkali kuliko wangu. Fundi wa cherehani namba mbili, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa akiwaambia watu kwamba Rula ni bahili hata wa kunoa mkasi.

Na mshono? Mshono haukupinda hata siku moja. Zamani, macho yakiwa mazima, alikwaruza mstari kwa msumari kwenye bamba la chuma la cherehani yake, pembeni ya mguu. Sasa ukucha wa kidole gumba ulikaa kwenye mkwaruzo ule, na kitambaa kilipita kikigusa ukucha. Sindano alikuwa haitazami tangu zamani. Ukingo nao alikuwa akiusikia kwa ngozi.

Siku moja msimamizi wetu, mzee mmoja mpole anayependa kuanza habari mbaya kwa kukohoa, alikohoa. Kuna hospitali inataka mashuka, maelfu, kazi ya mwaka na zaidi. Wameleta sharti: mkaguzi wao atakuja Alhamisi kupima mafundi. Tuko kumi. Anahitaji sita.

"Na wanne?" Redio akauliza.

Msimamizi akakohoa tena. "Wanne hatutakuwa na kazi nao."

Usiku ule wifi hakula. Aliketi kitandani pake, pazia limefungwa nusu, nikaingia nikakaa miguuni pake.

"Kiti namba nne," akasema. "Nimekikalia miaka thelathini na nane. Nikiwa pale mimi ni Rula. Nikikikosa, wifi, mimi ni mgeni tu kwenye nyumba yenu, anayesubiri kupakuliwa."

"Usiseme hivyo."

"Nasema kwa sababu ndivyo."

Nilimwahidi. Sindano yake itakuwa na uzi, mengine anayaweza mwenyewe. Nilimwambia, "Lala. Hilo niachie mimi."

Karakana yetu ni chumba kirefu chenye sakafu ya saruji, cherehani tano kila upande, madirisha kushoto. Ya kwake ni ya nne upande wa madirisha, yangu ya tano, jirani kabisa. Jumatano jioni msimamizi alizisafisha zote na kuzitia mafuta ili tusiaibike, akatoa nyuzi zote za juu. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi sindano kumi zilikuwa tupu.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na rula ya chuma kwenye mkoba. Hakutabasamu wala hakununa. Aligawa kila mtu vitambaa viwili vyeupe vya urefu wa mita moja, vigumu bado kwa wanga wa kiwandani, na roli mpya ya uzi mweupe.

"Mshono mmoja," akasema. "Kutoka mwanzo hadi mwisho, upana wa mguu wa cherehani. Hakuna chaki, hakuna pini. Mtashona mmoja mmoja, nimesimama hapo. Hakuna kuinuka na hakuna kuongea. Atakayesaidiwa atatoka, na aliyemsaidia atatoka naye. Mgonjwa halalii mshono wa kuazima." Kisha akaangalia saa. "Tungeni nyuzi, nakuja sasa hivi."

Akaingia ofisini na msimamizi.

Nilitunga wangu bila kupumua. Watu wote wameinamia sindano zao, Redio ametoka kwenda msalani kama kawaida yake akiwa na hofu. Nikainuka. Uzi wa wifi ulikuwa tayari umepita juu, ameshaupitisha mwenyewe kwenye kila kulabu kwa kupapasa, ulibaki kwenye sindano tu. Ncha yake ilikuwa imechanuka. Nikailamba, ikagoma. Nikaing'ata, nikapitisha, ikaingia nusu, unyuzi mmoja ukabaki nje. Nikavuta, nikaukata unyuzi ule pamoja na ncha kwa meno karibu na tundu ili usije ukaonekana. Hapo nikasikia ndala za Redio kwenye saruji, na nyuma yake mlango wa ofisi.

Nikarudi kwenye kiti changu. Mkia niliouacha ulikuwa mfupi kuliko ukucha wa mtoto.

Niliuona. Naomba hilo lieleweke. Niliuona kabla sijaketi, na nikajiambia nitapata nafasi ya kuuvuta. Mkaguzi alikuwa ameshasimama mbele ya cherehani namba moja.

Wa kwanza alishona vizuri. Redio alishona nyoka aliyeshiba, akaanza kujieleza, akaonyeshwa kidole cha kunyamaza. Wa tatu mikono ilimtetemeka lakini akafika. Ndani ya chumba kilichozoea cherehani kumi kupiga kelele kwa pamoja, ilikuwa ikilia moja moja, na kati yake kimya ambacho hata tumbo la mtu lingesikika.

"Namba nne."

Wifi alilaza vitambaa viwili, akavisawazisha kwa ncha za vidole toka kona hadi kona. Akavisukuma chini ya mguu, akaushusha mguu. Akazungusha gurudumu nusu. Kisha mkono wa kushoto ukaenda nyuma ya mguu kushika nyuzi mbili.

Vidole vikatafuta. Vikapata uzi mmoja, ule wa chini. Vikatafuta tena, taratibu, kama anayekung'uta vumbi. Nilikuwa nimeshika mkasi wangu mapajani. Niliomba aseme. Niliomba asiseme. "Wifi, naazima mkasi wako." Maneno manne tu, na mkaguzi amesimama hatua moja kutoka kwetu.

Hakusema. Akaweka ukucha kwenye mkwaruzo wake, akakanyaga.

Roli ya uzi iliyopo juu ya cherehani inayoshona haitulii, huruka na kuzunguka kijiti chake. Roli ya wifi ilistuka mara moja, ikasimama. Sindano ilikuwa inakwenda, kitambaa kilikuwa kinakwenda, na roli imesimama tuli. Mweupe juu ya mweupe, mkaguzi hakuona. Yeye alikuwa anatazama ukingo, kama fundi yeyote aliyefundishwa vizuri. Ni mimi tu niliyeona. Fundi aliyenifundisha alikuwa anashona hewa mbele ya karakana nzima, na mimi ndiye niliyemtungia.

Sentimita ishirini. Thelathini. Alikuwa anakanyaga kwa mwendo wake uleule, wala haharakishi. Kama ningesema neno pale, angesimama, angetunga upya. Lakini hawezi kutunga. Ningetunga mimi, na tungetoka wote wawili. Na kama nisingesema, angetoka peke yake. Hakukuwa na mlango wa tatu. Ilipofika nusu ya mita nikashindwa, nikainuka. Kiti changu kililia kwenye saruji. Mkaguzi akageuza macho.

Niliona madaftari ya shule ya watoto wangu watatu, nikaona sufuria, nikaona uso wa mume wangu akiambiwa sote wawili tumerudi mikono mitupu. Nikajifanya naweka gauni sawa, nikakaa.

Wifi alifika mwisho. Akarudisha nyuma mishono mitatu ya kufunga, kama inavyotakiwa, akasonga mbele tena. Akainua mguu, akavuta kitambaa, akachukua mkasi wake na kukata mahali ambapo uzi ungekuwa. Kisha akakiinua kitambaa kwa kona mbili za juu ili kimkabili mkaguzi.

Kitambaa cha chini kiliteleza, kikaanguka sakafuni.

Halafu Redio akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka kabla hajakizuia, na wengine wawili wakamfuata.

Mkaguzi aliokota kitambaa. "Mama, hukutunga uzi?"

"Nimesahau," wifi akasema.

"Fundi wa miaka mingapi?"

"Thelathini na nane."

Mkaguzi alivaa miwani yake, akaenda na vitambaa vile dirishani, akaviinua kwenye mwanga. Wanga ulikuwa umeshika matundu. Alikaa nayo muda mrefu kuliko alivyokaa na mshono wa mtu yeyote, akaweka rula ya chuma, akaitoa. "Matundu yamenyooka," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini mgonjwa halalii matundu." Akaandika, akamrudishia vitambaa.

"Namba tano."

Nilishona vizuri. Ndicho kinachoniudhi mpaka leo, kwamba mikono yangu haikutetemeka. Majina sita yalisomwa saa sita mchana, langu lilikuwa la tatu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa amenishika kiwiko kama kawaida, vitambaa viwili amevikunja chini ya kwapa. Tulipita mtaa wa kwanza na wa pili. Kwenye kona ya duka la mafuta ya taa nikasimama.

"Wifi, nilikata mkia mfupi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilishika nyuzi mbili, nikapata mmoja. Halafu sindano tupu ina sauti yake, inagonga kavu. Nilijua tangu tundu la kwanza."

"Mbona hukuniita? Mbona hukuomba mkasi?" Nilikuwa napiga kelele, mtu mzima, katikati ya njia.

"Alisema aliyesaidia naye atatoka." Alilisema kama jambo dogo. "Wewe una watoto watatu. Mimi wangu ni huyu mmoja," akagusa jicho lake.

Nililia palepale, muuza duka akatoka kuangalia. Yeye alinishika kiwiko kwa nguvu zaidi, sijui ni nani aliyekuwa anamwongoza mwenzake.

"Sasa nisikilize," akasema tulipokaribia nyumbani. "Nilikuwa naogopa kwenda kwa daktari nisije nikapoteza macho, nikapoteza na kiti. Kiti kimekwenda. Nipeleke. Huyu mtoto nimemlea vya kutosha, ahame."

Asubuhi yake sikukaa kwenye kiti changu. Nilikwenda moja kwa moja ofisini, mkaguzi na msimamizi wanapanga orodha, nikawaeleza yote: mkasi, utando, mkia mfupi, kiti kilicholia. Msimamizi, yule mzee mpole, alipandwa na hasira ambayo sijapata kuiona kwake. "Mwaka mzima mmenifanya mjinga humu ndani." Alikuwa na haki. Mkaguzi alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina langu, mstari ulionyooka kweli.

"Sheria niliisema," akasema.

"Ndiyo, mama."

Niligeuka kuondoka. Nilikuwa nimeshashika mlango aliponiita.

"Alishona vile haoni?"

"Haoni."

Alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa kidogo kilichofungwa kwenye kamba yake ya shingo. "Mashuka yanaanza baada ya wiki tano. Kiti chako na kimoja cha ziada nitaviacha wazi. Akiona, mje nyote wawili, mpimwe upya. Kila mtu atatunga wake. Asipoona, msije."

Nilimwambia mume wangu jioni. Akauliza kama kuna chai, na nilipompa akasema, "Umefanya vizuri, ila ungefanya jana." Ndugu hawa wana tabia moja, hawapigi, wanachoma.

Siku ya upasuaji wifi alinikamata mkono mpaka mlangoni na ilibidi muuguzi aufungue kidole kimoja kimoja. Nilikaa kwenye benchi nikimfikiria mama mkwe akishikwa mkono uani. Kesho yake tulirudi, daktari akabandua bandeji ya jicho la kulia. Wifi alilifumba. Daktari akamwambia alifumbue. Akalifumba zaidi.

"Wifi," nikasema.

Akalifumbua. Machozi yakatoka, akapepesa. Alinitazama, akateremsha macho taratibu mpaka miguuni pangu, akatulia hapo.

"Unaona nini, mama?" daktari akauliza.

"Pindo la gauni lake limepinda," wifi akasema.

Hiyo ni wiki mbili zilizopita. Tangu hapo anatunga sindano kama mtu aliyerukwa na akili. Ameitunga ya cherehani ya nyumbani, ya mkono, ya jirani, anachomoa na kutunga tena. Keshokutwa, Jumatatu, tunarudi karakana kupimwa. Hatujui itakuwaje. Redio amepeleka habari mtaa mzima, kwa hiyo tukishindwa tutashindwa na watu wengi.

Leo mchana aliviomba vile vitambaa viwili vyeupe. Nilikuwa nimevificha chini ya sanduku, sikutaka kuviona. Akaenda navyo mlangoni, akavibananisha kona kwa kona, akaviinua kwenye mwanga kama alivyofanya mkaguzi. Alikuwa hajawahi kuuona mshono huo. Aliupitishia jicho lake jipya tundu kwa tundu, midomo inacheza.

"Hapa," akasema. "Hapa nimeyumba."

Nilisogea. Sikuona kitu. Akaweka ncha ya sindano, ndipo nikaona: katikati ya mita, matundu mawili yamehama kwa upana wa unywele, halafu mstari unarudi.

"Rula ya mkaguzi haikuona," nikasema.

"Rula haikuwepo wakati huo. Hapa ndipo kiti chako kilipolia."

Niliyagusa yale matundu mawili kwa kidole.

"Niliogopa utasimama, utupoteze wote," akasema, macho yake yote mawili juu ya kitambaa. "Nikasema moyoni, kaa, wifi, kaa. Halafu ukakaa." Alikunja kitambaa, akakikunjua. "Na hilo nalo liliniuma. Sikuweza kulificha. Liliingia mkononi."

Aliniwekea vitambaa mapajani, akavuta kiti cha pili mpaka kwenye cherehani, akanionyesha nikae. Tutoe foronya, akasema, kitambaa kizuri kisipotee bure. Nifuate matundu yaleyale, na nikifika pale katikati nifuate hivyohivyo yalivyo.

Nikatunga uzi, nikaacha mkia wa kidole kizima.